Njia ya Misafara Haikuishia Ujiji

Katika orodha ya maeneo ambayo Tanzania iliyapendekeza kwa UNESCO mwaka 2006, ili siku moja yaingizwe katika urithi wa dunia, imo njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Vituo vilivyotajwa ni sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Sisi wakazi wa Tabora twajivunia kwamba Kwihara yetu imo. Walakini msomaji akiitazama orodha hiyo kwa makini atauliza swali ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeliuliza: pembe zile zilitoka wapi, na watu wale waliofungwa minyororo walitoka wapi? Hapana ndovu aliyezaliwa ndani ya maji ya Ziwa Tanganyika.

Njia ile ilivuka ziwa. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika Tabora, ikashuka Ujiji, ikapanda vyombo, ikaingia nchi ya Manyema, ikafika Kasongo na Nyangwe kando ya mto Lualaba. Kutoka hapo iliufuata mto kuelekea kaskazini mpaka mahali ambapo maji huanguka mara saba ndani ya msitu mkubwa, karibu na mstari wa ikweta. Chini ya maporomoko hayo ndipo ulipo mji wa Kisangani, ambao Wabelgiji waliuita Stanleyville mpaka jina hilo lilipofutwa mwaka 1966. Wavuvi wa Kiwagenya wangali wakisimamisha miti katikati ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza humo madema makubwa, kama walivyofanya wazee wao. Kutoka Kisangani meli zaweza kuteremka kiasi cha kilomita 1,700 hadi Kinshasa. Na kutoka Tabora hadi Kisangani, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni kiasi cha kilomita 1,000 tu.

Twaandika haya leo kwa sababu njia ya magharibi inafunguliwa upya. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, urefu wa kilomita 506. Mwaka huohuo wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikubaliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wafanyabiashara wetu wanahesabu soko, na bandari ya Kigoma inahesabu shehena. Hayo ni mema, nasi hatuyapingi. Lakini hesabu iliyo ya kwanza haijafanywa, nayo ni hesabu ya kile ambacho njia hii ilichukua kwa jirani zetu ilipofunguliwa mara ya kwanza. Taifa linalofungua njia ya zamani bila kukumbuka ilitumiwa kwa kazi gani, halina kinga ya kuitumia kwa kazi ileile.

Tuanze nyumbani kwetu. Tabora haikuwa kituo cha kunywea maji tu. Mji huu ulikuwa roho ya biashara ile. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed el Murjebi anayejulikana ulimwenguni kwa jina la Tippu Tip, aliishi hapa na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa ile ilimfungulia mlango mfanyabiashara wa pwani, nayo ilimpa mtemi nguo, bunduki na heshima. Vijana wa Kinyamwezi waliipanga mizigo mabegani, kiasi cha frasila mbili kwa kila mtu, wakatembea miezi kwa miezi. Kazi ya upagazi waliifanya kwa ujira na kwa fahari, hata kijana asiyewahi kuiona pwani alihesabiwa kuwa hajakomaa. Hilo ni la kujivunia. Lakini nyuma ya mpagazi aliyelipwa alikuwapo mtu mwingine aliyebeba pembe hali ana nira shingoni, na huyo hakulipwa hata upande wa nguo. Msafara ulikuwa mmoja, na njia ilikuwa moja.

Jumba la makumbusho la Kwihara linamkumbuka Livingstone, aliyekaa katika tembe lile mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley aliyeondoka mwezi Machi, kisha peke yake mpaka Agosti. Wageni huonyeshwa mahali hapo na kuambiwa juu ya mzee aliyekuwa akingojea wapagazi. Lakini ni wageni wangapi wanaoelezwa alichokuwa amekiona mwaka mmoja kabla? Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, siku ya gulio, wakati wanawake wa nchi ile walipokuja na samaki, kuku na unga kuuza ukingoni mwa Lualaba. Watu wa wafanyabiashara waliotoka upande wetu wa ziwa wakaufyatulia bunduki umati ule, na mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Ni mauaji hayo yaliyomfanya ageuke arudi Ujiji, ambako Stanley alimkuta. Hadithi ya makutano yao inajulikana kwa kila mwanafunzi. Sababu iliyomleta mzee yule Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo haijulikani, kwa kuwa ilitokea ng'ambo, na historia yetu tumeizoeza kukomea ufukoni.

Kisangani yenyewe ilipata kuonja biashara hiyo na mengine yaliyoifuata. Stanley aliyapita maporomoko yale Januari 1877, baada ya kusindikizwa na watu wa Tippu Tip kutoka Nyangwe kupitia sehemu ya msitu. Desemba 1883 alirudi, mara hii akitokea upande wa bahari ya Atlantiki, akaweka kituo kwa niaba ya Leopold, Mfalme wa Wabelgiji. Mwaka uliofuata Tippu Tip naye alifika hapo akitokea mashariki. Mabwana wawili wakakutana juu ya mto mmoja, na wenye mto hawakuulizwa. Mwaka 1886 walipigana, na mwaka 1887 walipatana: huko Unguja Tippu Tip alitia saini kuwa liwali wa maporomoko kwa niaba ya Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfalme aliyejitangaza Ulaya kuwa adui wa utumwa akamwajiri mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa. Hapo ndipo tunapojifunza tabia ya ubeberu: hauna rafiki wala adui, una faida tu.

Mapatano hayo hayakudumu. Mwaka 1892 vita vilianza, na waliokuwa wakiitawala Manyema wakashindwa. Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo ikaanguka Aprili mwaka huo. Twamwomba msomaji wa Tabora aushike mwaka huo moyoni. Januari 1893 Wajerumani walikuwa wamekwisha ivunja boma ya Mtemi Isike hapa kwetu, naye akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Kwa hiyo katika muda wa miezi minne ncha mbili za njia moja zilitiwa mikononi mwa Wazungu wawili waliokuwa wakipeana mkono katika mikutano ya Ulaya. Tabora ikapata Mjerumani, Kisangani ikapata Mbelgiji, na ziwa likageuzwa kuwa ukuta. Utumwa uliosemwa kuwa umefutwa ukarudi kwa mlango wa nyuma, ukiitwa kodi ya mpira, na watu wa msitu wakatolewa roho kwa ajili ya utomvu kama zamani walivyotolewa roho kwa ajili ya pembe.

Hata hivyo waliochukuliwa hawakupotea. Wako hapa. Wamanyema wa Tabora, wa Ujiji, wa Bagamoyo na wa Dar es Salaam ni watu walioijenga miji hii, wengi wao wakiwa ni wazao wa waliovushwa ziwa bila hiari yao. Kati ya watoto waliopita katika njia hii alikuwamo mmoja aliyeuzwa Bagamoyo, akasomeshwa dini, akawa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya. Mtoto huyo wa Manyema akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Kadiria, na mpaka alipofariki mwaka 1931 wenyeji wa pwani, pamoja na wazao wa mabwana, walikuwa wakiketi miguuni pake kupata elimu. Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali twajua kwamba walimu wetu kadha wa kadha walikuwa na babu waliotoka upande ule wa ziwa. Kwa hiyo mtu anayelitamka neno Mmanyema kwa kebehi, akimaanisha mtu asiye na ukoo, anamtukana mwalimu wake na kuufichua ujinga wake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi mtumwa ni yupi? Ni yule aliyenyang'anywa asili yake kwa nguvu, au ni sisi tunaoisahau kwa hiari?

Na njia ile iliacha kitu kimoja ambacho hakuna bunduki iliyoweza kukirudisha, nacho ni lugha. Kiswahili kilifika Kasongo, Kindu na Kisangani vinywani mwa wapagazi, waungwana na mateka, kikabaki baada ya pembe kwisha. Leo ni moja ya lugha nne za taifa la Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Mtu wa Kisangani hukizungumza kwa namna yake, nasi aghalabu tunamcheka kwamba anakosea. Hakosei. Alikirithi kwa gharama ambayo sisi hatukuilipa, akakitunza bila serikali iliyomwandikia kamusi. Tuna wajibu wa kumsikiliza kabla ya kumsahihisha.

Lugha hiyo ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa na baadhi ya askari weusi wa jeshi la Wabelgiji walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wazee waliowashuhudia walikwisha ondoka duniani, lakini jambo lenyewe lina fundisho. Maskini wa Kongo aliletwa apigane na maskini wa Tanganyika, ili Mfalme wa huku amshinde Kaisari wa kule. Mara ya kwanza sisi tulipelekwa kwao, na mara ya pili wao wakaletwa kwetu. Katika safari zote mbili mwenye faida alikuwa mbali, ameketi kwenye kiti.

Ilikuwa ni siasa ya ukombozi iliyotukutanisha kwa heshima. Januari 1958 TANU ilikutana hapa Tabora na kuamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ulioifupisha njia ya uhuru wetu. Oktoba mwaka huohuo Patrice Lumumba na wenzake walianzisha chama chao cha taifa zima la Kongo. Kisangani ilikuwa ngome yake: huko aliwahi kuwa karani wa posta, huko alihutubia mkutano wa chama Oktoba 1959 kabla ya kukamatwa, na huko ndiko alikokuwa akielekea aliposhikwa tena Desemba 1960. Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mwezi Agosti 1964 wapiganaji waliojiita kwa neno la Kiswahili, Simba, waliuteka mji huo, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji waliteremshwa juu yake kutoka ndege za Kimarekani. Serikali yetu ililaani uvamizi ule. Tulikuwa na haki kuulaani. Na haki hiyohiyo inatutaka tuseme pia kwamba Simba wenyewe waliwaua raia wengi wa nchi yao. Mapinduzi hayatetewi kwa kuficha makaburi.

Yako mambo ya karibu zaidi ambayo hayawezi kusukumiwa Leopold. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, nchi mbili za Afrika zilizoingia Kongo zikisema zinalinda mipaka yao, yalipigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya Kisangani. Mizinga ilianguka juu ya nyumba, shule na makanisa ya watu wasiohusika kwa muda wa siku sita, na mamia wakafa. Kando ya vita hivyo kulikuwa na almasi na mbao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria kwa matendo yake nchini Kongo, na Februari 2022 iliamuru ilipe dola milioni 325. Miezi michache baada ya hukumu hiyo, nchi zote tatu zikawa zinaketi katika Jumuiya moja pamoja nasi. Januari 2025 Goma nayo ikatekwa na waasi wa M23. Mtu wa Kisangani anapoambiwa kwamba ndugu zake wa mashariki wanakuja na reli, ana sababu ya kuuliza: mwaja kuleta nini, na mwaja kuchukua nini?

Jibu la swali hilo lazima litoke Tabora kwa vitendo, nasi twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, historia ivuke ziwa. Kwihara na Ujiji ziwe na maelezo kamili juu ya Nyangwe, Kasongo na Kisangani, yaandikwe kwa Kiswahili, na majina ya waliofaidika yasifichwe, wawe watemi wetu, matajiri wa Unguja, wakopeshaji wa Kihindi au viwanda vya Ulaya na Marekani vilivyochonga pembe kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Serikali yetu ikae na serikali ya Kongo ili pendekezo lile la mwaka 2006 liwe la nchi mbili, kwa kuwa njia ilikuwa ya nchi mbili.

Pili, treni isipakie damu. Tanzania na Kongo zote ni wanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Nchi za Maziwa Makuu, ambao umeweka utaratibu wa hati kwa dhahabu na madini ya bati, tungsteni na tantalamu, ili kujulikana yametoka mgodi gani. Hati hiyo isiwe karatasi ya kupigwa muhuri bila kusomwa. Mzigo usio na asili inayojulikana usivuke Kigoma, hata kama mwenye mzigo ni tajiri, hata kama ana jamaa katika ofisi. Babu zetu hawakuuliza pembe imetoka kwa nani. Sisi hatuna udhuru wa kutouliza.

Tatu, njia ipeleke kitu kama inavyochukua. Mkoa wetu una asali na mchele, na una walimu wa Kiswahili wanaotafuta kazi. Tangu enzi za Wabelgiji iko njia ya kupokezana meli na reli kutoka Kigoma hadi Kalemie, kisha Kongolo na Kindu, kisha kwa mto hadi Ubundu, na kwa reli nyingine hadi Kisangani kwa kuyakwepa maporomoko. Njia hiyo imechakaa. Kuitengeneza ni kazi ya miaka mingi, lakini mwalimu na kitabu wanaweza kutangulia mbele ya reli.

Wapo watakaosema kwamba kuyafukua haya ni kuwagawa wananchi, kuwapa lawama Waislamu, kuwaaibisha Wanyamwezi, na kuwapa nafasi wamisionari na mabeberu kujitakasa. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba wakoloni waliitumia historia ya utumwa ili kujipamba, na kwamba vitabu vyao vilimlaumu Mwarabu ili Leopold asionekane. Lakini dawa ya historia iliyosemwa nusu si kuinyamazia nusu iliyobaki. Biashara ile haikuwa ya dini wala ya kabila. Ilikuwa mnyororo wa unyonyaji wenye pete nyingi, na kila pete ilikuwa na mkono ulioishika. Dini inayoamrisha kumwacha mtumwa huru haipungukiwi kitu ikisemwa kweli juu ya waumini walioikhalifu. Wala Mnyamwezi hapungukiwi fahari ya miguu yake iliyoifungua nchi, akikiri kwamba baadhi ya mizigo aliyoibeba ilikuwa na laana.

Kisangani haitudai fedha. Yatudai tuijue. Siku treni ya kwanza ya reli mpya itakapoondoka Tabora kuelekea ziwani, yapasa abiria wake waelewe kwamba wanapita juu ya nyayo za watu waliokuja upande huu hawakutaka, na kwamba jamaa za watu hao wangali ng'ambo wakizungumza lugha yetu. Tukiwaendea kama ndugu waliopotezana, njia itakuwa ya ndugu. Tukiwaendea kama soko tu, tutakuwa tumerudisha msafara ule wa zamani, tofauti ikiwa ni umeme badala ya mabega.